Mvua Nyingi Mno ya Gwarama

Nimerudisha koti la mvua, buti na funguo mbili za kiwanja cha vipimo vya hali ya hewa, na kijana aliyenipokea akanisainisha penye safu ya "vilivyochakaa". Sijui alimaanisha koti au mimi. Ninyi mliobaki, mnaosomea mawingu kwenye kompyuta, mliniomba siku ya kuniaga niwaandikie kazi ilivyokuwa. Haya, naandika. Ila niseme mapema: nina elimu ya darasa la saba, na Kiswahili nilikikuta shuleni, nyumbani kwetu Heru Juu tulisema Kiha tu. Atakayetaka kunisahihisha herufi aje kwanza asimame nami kilimani, aniambie wingu lile pale litanyesha Kasulu au litavuka kwenda Burundi. Mimi nakwambia. Kati ya Kasulu na Kibondo sijaona mwingine wa kukwambia, na nimemtafuta.

Kazi niliianza kwa kukata majani. Kiwanja cha vipimo majani yake lazima yawe mafupi, na aliyekuwa akiyakata alihama, basi nikachukuliwa mimi na fyekeo langu. Mpimaji mwenyewe alikuwa Mzee Sefu, mtu wa Pangani, aliyeletwa Kasulu na serikali na hakuacha hata siku moja kulalamikia baridi yetu. Asubuhi ya kwanza alinikuta nimesimama mbele ya ule mpira wa kioo ulio juu ya nguzo.

"Unaangalia nini, bwana mdogo?"

"Shikamoo mzee. Naangalia hiki cha waganga."

"Marahaba. Si cha waganga, ni cha jua." Akanionyesha kadi nyuma ya kioo, imeungua mstari mweusi kama umechorwa na kalamu. "Jua likiwaka, linaunguza hapa. Likizibwa na wingu, mstari unakatika. Jioni naitoa kadi nahesabu saa. Jua halina sababu ya kunidanganya. Wewe unayo?"

Nikasema sina. Akasema, "Tutaona."

Ndivyo nilivyofundishwa kushuku, na sijutii. Mpira ule uliibiwa baadaye na mtu aliyeambiwa unaonyesha madini chini ya ardhi. Uliokotwa kwenye shamba la mihogo, umeunguza majani makavu pande zote.

Mzee Sefu hakunifundisha darasani. Alinifundisha kwa kunikatisha. Nikiinama kusoma glasi ya mvua, ananishika shingo: "Jicho liwe sawa na maji, usiyatazame kutoka juu kama unatazama kisima." Nikitaja namba: "Soma tena." Nikisoma tena ikawa ileile: "Sasa andika, kabla hujasema na mtu." Mvua inapimwa saa tatu kamili asubuhi, si saa tatu na chai. Na kabla ya kumimina chochote, geuza glasi juu chini usome kitako, kwa sababu kila kipima mvua kina glasi yake, kama sufuria na kifuniko chake. Hilo la kitako alilirudia mpaka likanichosha. Baada ya miaka minne nikawa nasoma vipimo vyote peke yangu, na wasomi walioletwa kutoka vyuoni walikuwa wananiuliza mimi.

Mzee Sefu aliporudi kwao, nikapewa kuzungukia vipima mvua vya vijijini, Kasulu, Kibondo mpaka Kakonko, kwa pikipiki. Kipima mvua cha kijijini ni bati la duara lenye faneli na chupa ndani, na mtu wa kujitolea anayesoma kila asubuhi na kuandika kwenye daftari. Hapo ndipo nilipowajua watu. Kule upande wa Makere alikuwepo mwalimu mmoja ambaye mvua yake yote ilinyesha Jumatatu, kwa kuwa Ijumaa alikwenda kwake na kurudi Jumapili jioni. Shule nyingine wanafunzi walikojoa kwenye faneli, na mwalimu wa zamu akaandika milimita tatu bila hata kushangaa rangi. Mlinzi mmoja alijaza daftari la mwezi mzima tarehe kumi na nane. Nilimuuliza mvua ya tarehe thelathini ameijuaje. Akasema, "Nilikadiria, bosi."

Basi nikaamua kwamba kila namba ni ya uongo mpaka niikute matope yake. Asubuhi napanda kilima, naangalia mashariki, upande wa vinamasi vya Malagarasi na Moyowosi, kwa sababu mawingu yetu mengi makubwa hulelewa kule. Kukiwa na wingu linalopanda haraka, jeupe juu kama koliflawa, na saa sita likaanza kupanuka kichwa kikawa bapa kama fuawe la mhunzi, nawasha pikipiki. Nalifuata. Nataka nione mwenyewe limenyesha wapi, limeishia mto gani, limeruka shamba la nani. Kisha mwisho wa mwezi nafungua madaftari, na aliyeandika mvua siku ambayo mimi nilipita kwake nikapigwa vumbi, tunaongea.

Mwanzoni nilifuata mawingu ili niwakamate watu. Baadaye, nakiri, niliyafuata kwa ajili ya mawingu yenyewe. Ninyi hamjasikia baridi ile inayoshuka ghafla dakika chache kabla, inanuka udongo wa mahali ambako mvua imeshafika na wewe bado. Hamjaona ukuta wa mvua ya mawe ukija juu ya tumbaku ya watu, mweupe, una sauti kama lori la kokoto linamwaga. Radi tunayoiita inkuba nimeikimbia mara nyingi kuliko mbwa. Nilihesabu tangu mwako hadi ngurumo. Ngurumo ikinikuta sijapita kumi, nashuka kwenye pikipiki, naiacha, nachuchumaa bondeni mbali na mti. Watu wanaopita wananicheka. Siku moja karibu na kambi ya wakimbizi ya Nduta, mzee mmoja Mrundi aliyekaa mlangoni pa nyumba yake ya turubai aliniona nimechuchumaa akaniita, "Muzee, unatafuta nini hapo chini?" Nikamwambia funga turubai lako kwa mawe, upepo unakuja. Akatazama juu, jua linawaka. Akacheka lakini akafunga. Majirani zake hawakufunga. Jioni walikwenda kuokota maturubai yao ng'ambo ya korongo, na tangu siku ile nikipita Nduta napewa kiti.

Nimewaeleza haya ili mjue nilikuwa mtu wa namna gani siku nilipokwenda Gwarama na glasi.

Kipima mvua cha Gwarama kilikuwa kwa Mama Adela, mjane, mkulima wa maharage na mihogo. Tulikitoa shuleni kwa sababu mnayoijua, tukakiweka uani kwake, akakizungushia uzio wa miti. Alikuwa msomaji mzuri. Daftari lake halikuwa na doa. Mimi mtu ambaye daftari lake halina doa namwangalia mara mbili.

Mvua za kwanza zilipoanza, glasi yake ikapasuka. Akanitumia ujumbe, nikatoa nyingine stoo, imefungwa gazeti, nikaenda. Nilipofika alikuwa amebandika chai. Nikamkabidhi glasi na gazeti lake. Nikageuka kumsalimu mama mkwe wake, na juu ya bega la yule bibi nikaliona: wingu upande wa mashariki, linapanda kama limefukuzwa. Nilikuwa sijaona linalopanda vile tangu mwaka uliopita.

"Chai, Bwana Mvua," Mama Adela akasema. Ndivyo walivyoniita.

"Nitainywa siku nyingine."

"Unakimbilia wapi?"

"Kule," nikasema, nikaondoka. Lilikuwa wingu zuri sana. Nililifuata mpaka karibu na mpaka.

Mwezi uleule namba za Gwarama zikaanza kunitia wasiwasi. Milimita sitini na moja. Siku ya pili yake arobaini na nane. Wiki iliyofuata themanini na nane. Kakonko, ambako si mbali, siku hizohizo ishirini, thelathini. Nikasema, basi, hata huyu. Nikafikiri anaongeza maji. Kwa nini? Nikajipa sababu: kuna mradi wa mbegu za msaada unaopita, labda wanataka kuonekana wamesombwa na mvua ili wapewe. Nikamuuliza bwana shamba kama mradi upo. Akasema hajausikia. Nikaona hata bwana shamba anaficha.

Sasa tatizo likawa kubwa kuliko daftari. Bwana shamba alikuwa na tabia ya kubandika namba za mvua kwenye ukuta wa ofisi ya kata ili wakulima wapange kupanda. Wakulima walizisoma. Na mwaka ule maharage ya wengi Gwarama yalikuwa yanakauka, mvua inakuja kidogo kidogo. Mtu anasoma ukutani milimita themanini, anarudi shambani kwake anakuta vumbi, kisha anajiuliza hiyo mvua imenyesha wapi. Jibu walilipata haraka: imenyesha uani kwa Mama Adela. Ana bati la kuvutia mvua, serikali imempa. Wengine wakasema si serikali, mama mkwe wake kwao walikuwa waita mvua.

Nilipopita mwezi wa pili sikukuta watu wa kumsaidia kupalilia. Aliniambia, "Wenzangu wa kikundi wamenitoa. Wananiambia nikapalilie na mvua yangu."

Nami nikafanya jambo ambalo hadi leo likinijia nikiwa barabarani napunguza mwendo. Pale ofisi ya kata, mbele ya watu kama kumi, nikasema namba za Gwarama mimi mwenyewe ninazishuku, kuna mchezo unachezwa uani kule, na nimeshaandika barua kipima mvua king'olewe. Nilisema kwa sauti, nikijua nasikilizwa. Mimi nilimaanisha anajaza maji kwenye chupa. Wao walichosikia ni kwamba hata Bwana Mvua amethibitisha.

Juma moja baadaye mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Bitaliho, akanipigia simu. Mtu mnyenyekevu, huongea kama anaomba radhi. "Bwana Mvua, watu wanasema huyo mama ahame kabla ya msimu kwisha. Wamempa mpaka Jumapili. Mimi sitaki aibu hiyo kwenye kitongoji changu. Uje ung'oe hilo bati, labda watatulia."

Nikasema nitakuja, lakini nitakuja na wingu. Nilitaka kumkamata papo hapo.

Siku ya Alhamisi likapanda moja zuri. Nikalitangulia, safari hii, badala ya kulifuata. Nikafika Gwarama saa sita na nusu, nikamwita mwenyekiti na wazee wawili wawe mashahidi. Nikamwaga chochote kilichokuwemo kwenye kipima mvua cha Mama Adela mbele ya macho yao. Kando yake, hatua tatu, nikasimika changu cha safari, kidogo, ninachobeba kwenye pikipiki. Nikamwambia mama akae barazani nimwone.

"Nikae kama mwizi?"

"Kaa tu, mama."

"Na wewe je, nani anakuangalia wewe?"

Wazee wakacheka. Mimi sikucheka.

Saa nane ikanyesha. Ikapiga vizuri, bila mawe, mpaka karibu saa kumi. Tulikaa barazani sote tukitazama mabati mawili kama watu wanaosubiri mgonjwa aongee. Hakuna aliyeyasogelea. Ilipokatika nikatoka na glasi yangu kwanza. Nikamimina: glasi moja ikajaa, kumi. Ya pili ikajaa, ishirini. Kilichobaki, mbili. Ishirini na mbili. Nikasoma mara mbili, nikaandika.

"Sasa wewe, mama."

Akatoka na glasi yake. Moja ikajaa. Mbili. Tatu. Wazee wakaanza kuhesabu kwa sauti pamoja naye. Nne. Tano. Na iliyobaki, sita. Hamsini na sita. Mzee mmoja akarudi nyuma hatua mbili kutoka uzioni.

Hakuna aliyeongeza maji. Niliona kwa macho yangu, mimi ninayejivunia macho yangu. Mabati mawili, hatua tatu kati yake, wingu moja. Nakwambieni ukweli, kwa kitambo kifupi na mimi nilimtazama yule mama mkwe.

Mama Adela hakutishika. Alibaki ameshika glasi, anatazama ya kwangu, anatazama ya kwake. Kisha akaja akaichukua ya kwangu mkononi mwangu bila kuomba, akazisimamisha mbili juu ya gogo.

"Bwana Mvua, hizi ni mapacha."

"Ndiyo, ni glasi."

"Sikiliza. Bati lako mdomo wake kama kikombe. Bati langu mdomo wake kama sufuria. Sufuria inakinga maji mengi kuliko kikombe. Mbona glasi za kupimia ni sawa? Ile iliyopasuka ilikuwa pana kuliko hii."

Mwenyekiti akauliza, "Anasema nini?" Nilikuwa nimeshasikia shingoni mkono wa Mzee Sefu. Nikaichukua glasi ya Gwarama nikaigeuza juu chini. Kitakoni imeandikwa inchi tano, glasi ya bati dogo kama langu. Bati la Gwarama ni la inchi nane. Nilimletea kifuniko cha sufuria nyingine. Kila mvua iliyonyesha uani kwake tangu siku ile ya chai, glasi niliyomletea mimi iliikuza mara mbili na nusu na zaidi kidogo, na yeye aliandika alichokiona, sawasawa, bila doa.

Sasa niwaambie mambo mawili mjue uzito wake. Wakati ule watumishi wa darasa la saba tulikuwa tunachambuliwa, mmoja mmoja, na wenzangu wawili walikuwa wameshaachishwa kazi. Kosa la glasi si kosa dogo, ni kosa la siku ya kwanza, mimi mwenyewe nilikuwa nawafundisha wengine. Na wale wazee watatu hawakuwa wameelewa. Ningeweza kusema glasi imechakaa, nikaitia mfukoni, nikaleta nyingine kesho, na namba zingeshuka zenyewe. Mkono ulikuwa umeshafika mfukoni.

Mama Adela akauona. Akasema taratibu, karibu na sikio langu, ili liwe letu wawili, halafu akarudia kwa sauti ili wazee wasikie: "Ukiondoka na hiyo glasi kimya kimya, mvua yangu itapungua ghafla, nao watasema bati limeniacha kwa sababu nimeogopa. Jumapili haijafika. Wewe ulisemea ofisi ya kata. Kasemee palepale."

Nikamwambia mwenyekiti atangulie awakusanye watu. Tukaenda na mabati yote mawili, glasi zote mbili na ndoo ya maji. Mbele ya ofisi ya kata, watu ni wengi kuliko siku ile ya kwanza, nikawaonyesha midomo ya mabati, mmoja kikombe na mwingine sufuria, nikachota kwenye ndoo, nikajaza glasi ya kwake na ya kwangu waone ni sawa, nikawageuzia vitako wasome wenyewe. Nikasema mama huyu hajavuta mvua wala hajaongeza tone. Aliyeiongeza ni mimi, kwa kukimbilia wingu nisigeuze glasi. Mwanamke mmoja wa kile kikundi cha kupalilia akasema, "Kwa hiyo miezi yote hii mchawi alikuwa ni wewe." Watu wakaangua kicheko, na mimi nikaona afadhali wanicheke.

Nikaiandika barua kwa mkono, nikaibandika juu ya zile namba. Nakala nikaipeleka kwa mkuu wangu, na kwenye rejesta, safu ya maelezo ambayo siku zote huandikwa "hakuna", nikaandika mistari sita. Jumamosi nilirudi Gwarama na glasi ya inchi nane, tukakaa barazani kuzigawa namba zote upya, siku kwa siku. Sitini na moja ikawa ishirini na nne. Themanini na nane ikawa thelathini na nne. Yeye aligawa kichwani haraka kuliko mimi kwa kalamu, na kila nilipomaliza ukurasa alisema, "Soma tena." Chai safari hii niliinywa, vikombe vitatu.

Barua ya onyo ninayo, haikunifukuza. Aliyenihoji alisema ameona makosa mabaya zaidi ya watu wenye vyeti, lakini hajaona aliyejiandikia mwenyewe, akaniuliza nimefanya hivyo kwa nini. Nikamwambia kulikuwa na mashahidi.

Kwa hiyo ushauri wangu kwenu ni mfupi. Hizo mashine mlizosimika zinazosoma mvua zenyewe na kutuma kwa simu, mimi nazishuku. Moja nilishaikuta nyigu wamejenga ndani, imetuma sifuri wiki nzima, na mtu Kigoma mjini ameiamini. Nendeni mkaangalie. Panda pikipiki, fuata wingu, ukanyage matope. Shuku namba, shuku mashine, shuku msomaji kama lazima. Lakini kabla hujafungua mdomo mbele ya watu, geuza kwanza ulichokileta wewe.

Wiki iliyopita nilikwenda Gwarama kuaga. Kikundi cha kupalilia kilikuwepo shambani kwake, nikawasikia toka mbali. Nilimpelekea glasi mpya ya akiba, zawadi yangu, imefungwa kitambaa, nimeikagua mara tatu nyumbani na mara moja njiani. Akaipokea kwa mikono miwili kama inavyotakiwa. Akafungua kitambaa, akaigeuza juu chini, akaiinua kwenye mwanga, akasoma kitako kimyakimya. Akaisoma tena.

"Nane," akasema. "Sasa asante. Kaa, maji yamechemka."